Tunangoja mvua: maswali ya bustani ya mwisho wa baridi, hapa kwetu Lubumbashi

Kila mwaka iko vile. Baridi ya juni na julai inaanza kulegea, miembe inatoa maua, na watu wanaanza kuniuliza: mama, tunaweza kupanda sasa? Wananiuliza ku kanisa, juu ya ukuta wa lupangu (kiwanja cha nyumba), ndani ya taxi, wengine usiku ku WhatsApp. Nimeweka majibu yote fasi moja ili kila mtu asome polepole. Mimi nalima nyuma ya nyumba, Katuba, lupangu ya kawaida yenye kisima kimoja, kuku kumi na kitu, muembe mmoja na mti wa avoka mmoja. Kama uko na foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine) na pampu kalenda yako ni nyingine, nitaigusa kidogo tu.

Mwisho wa baridi kwetu ni lini kabisa?

Kiangazi yetu inaanza mei inaenda mpaka septemba, aprili na oktoba ziko katikati, haujui kama ni mvua ao ni jua. Baridi yenyewe inakaza juni na julai, ile ya kutoka asubuhi na koti ukiongea moshi unatoka ku kinywa. Agosti mchana jua linachoma lakini usiku bado unavuta blanketi, na njo mwezi wa upepo na vumbi. Septemba baridi imekwisha. Oktoba ni joto kuliko miezi yote, jakaranda zinajaa maua, kila mtu anaangalia mawingu. Mvua ya kweli inashika novemba. Kwa mwaka tunapata kama milimita 1200 na karibu yote inaanguka toka novemba mpaka machi, kwa hiyo mtu wa bustani ya mvua iko na miezi mitano tu ya kupewa mayi bure, iliyobaki ni ya kungoja na kutayarisha.

Sababu ya baridi ni kwamba tuko juu, kama mita 1200 toka bahari, na tuko kusini ya ikweta. Watu wa bondeni, karibu na mito na madembo (mabonde yenye mayi mayi), wanaisikia zaidi juu hewa ya baridi inashuka usiku inatuama kule chini. Ukilima mu dembo usishangae miche yako iko nyuma kuliko ya mwenzako wa mlimani.

Dada yangu iko Ubelgiji, mwezi wa tatu ananitumia picha za miche ku dirisha. Nifuate kalenda yake?

Hapana, kalenda yake umuachie. Kule baridi inaisha machi, wanaotesha ndani ya nyumba juu inje kuna barafu, na wazee wao hawatoi tomati inje mpaka wale wanaoitwa Watakatifu wa Barafu wapite, tarehe 11 mpaka 13 mei. Mei kwetu njo mvua imeondoka na baridi inaingia! Majira yao na yetu yamepeana mgongo.

Lakini kuna kitu kimoja chao nimechukua na kinanisaidia sana: wanahesabu wiki kwa kurudi nyuma. Wanajua siku ya kutoa mche inje, kisha wanarudi wiki sita ao nane na hapo njo wanamwaga mbegu. Wao wanahesabu toka siku barafu inaisha, sisi tuhesabu toka siku mvua inashika. Nikiweka katikati ya novemba kama siku ya kuhamisha pilipili na impwa (bilinganya ndogo za kienyeji), narudi wiki nane, naangukia katikati ya septemba. Toka nimeanza kuhesabu hivi sijachelewa tena.

Jirani amepanda mahindi juu mvua imenyesha mara moja. Na mie nipande?

Usipande, tafadhali. Hii njo swali inaniuma kuliko zote juu nimeona mbegu nyingi sana inapotea mu mitaa yetu.

Mvua ya kwanza inakuja mwisho wa septemba ao mu oktoba, inapiga nusu saa, vumbi inatulia, udongo unanukia vizuri, kila mtu anashika jembe. Kisha jua linarudi, wiki mbili, siku ingine tatu. Mbegu yako ilikuwa imekunywa mayi, imetoa mzizi mdogo, sasa mzizi unatafuta mayi ya pili haipo, unakauka. Mbegu ikiwa kavu inaweza kungoja, lakini ikishafungua tumbo haiwezi kurudi nyuma. Mwaka mmoja nilipoteza kilo mbili hivyo, nilipanda tarehe 10 oktoba, siku ya saba nikaona mistari ya kijani nikaimba mule lupangu, baada ya siku kumi ingine ilibaki majani makavu ya kuvunjika mu mkono. Kilo mbili za mbegu nzuri ni unga wa nyumba kwa siku mingi. Nilirudia kununua mwezi wa kumi na moja wakati kila mtu ananunua na bei imepanda.

Sasa nafanya hivi. Nangoja mvua inyeshe mara mbili tatu ndani ya wiki moja, kisha nachimba. Udongo ukiwa umelowa mpaka sentimita 20 chini, yaani kiganja kizima na vidole, na nikiukamata unashikana mu mkono, napanda. Kama juu ni matope na chini ni vumbi, narudisha jembe ndani. Kwetu hii inaangukia mara nyingi katikati ya novemba, na toka hapo mpaka katikati ya desemba njo wakati wa mahindi. Ukipita hapo mahindi yatakosa mvua ya mwisho, na ile chenili (kiwavi) mbaya ya mahindi iliyoingia Afrika mwaka 2016 inapenda sana mahindi ya kuchelewa, unafungua jani la katikati unaikuta imekaa ndani na uchafu wake kama unga wa mbao.

Mistari iachane sentimita 75, na ku mstari punje moja kila sentimita 25, ao punje mbili kila 50. Watu wanabananisha wakifikiri watavuna mingi, wanavuna majani.

Sasa agosti na septemba nikae tu?

Aa, hapa njo kazi iko. Mtu anayeshika jembe novemba bila kufanya kitu agosti anakimbilia mvua kwa nyuma na haiwezi kukungoja.

Kitu cha kwanza ni mashimo. Udongo wetu mwekundu agosti ni kama tofali, ukitaka kulima lupangu nzima utavunja mgongo na mpini. Usilime yote. Chimba mashimo fasi mahindi yatakaa, urefu sentimita 30, upana 15, kwenda chini 20, kila shimo utie vikono viwili vya mboleo ya kuku iliyopoa ao komposti, ufunike na udongo kidogo uache bonde dogo juu. Wakulima wengi wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanachimba hivi kiangazi, na faida yake ni mbili: kazi unaigawanya, mashimo kumi kila jioni wakati jua limelegea, na mvua ikija mayi yanaingia mu shimo badala ya kukimbia ku barabara na kubeba udongo wako. Mwaka wangu wa kwanza wa mashimo nilichimba 200 toka mwanzo wa agosti mpaka siku watoto wanarudi ku masomo, bila kuumwa.

Fasi ngumu sana, mwagia mayi ya kusafisha mboga ao ya kuoga siku moja mbele, kesho yake jembe linaingia. Mayi yenye Javel usimwage.

Cha pili ni kufunika udongo. Majani makavu yote yanayoanguka sasa, ya muembe, ya avoka, nyasi, mabua ya mahindi ya mwaka jana, laza juu ya mashimo na ku platibandi (tuta la mboga). Jua la oktoba likikuta udongo uko uchi linaupika mpaka hata minyoo inakimbia.

Cha tatu ni kutengeneza vyombo. Jembe lenye mpini unaocheza, arozwari (chombo cha kumwagia mayi) yenye tundu, ukuta wa matete unaoingiza mbuzi za watu. Vitu hivi novemba hautapata saa navyo.

Kuchoma nyasi na majani siyo kutayarisha shamba?

Najua wazazi wetu walichoma, na majivu yale yanaonekana kama yanasaidia mwaka wa kwanza. Lakini unachoma chakula cha udongo. Kilichobaki ni majivu kidogo tu, upepo wa agosti unachukua nusu, na moto ule ukiruka ukuta unaenda kwa jirani. Septemba mji wote unanuka moshi, watoto wanakohoa. Lundo la majani unalotaka kuchoma, lipeleke ku komposti, na kama ni miti yenye magonjwa ao mabua yaliyojaa wadudu hapo nakubali uchome, fasi moja, bila upepo, ukisimama karibu na seo (ndoo) ya mayi.

Komposti yangu haiozi, imekaa vile toka juni

Ni baridi na ukavu. Vijidudu vya kuozesha vinataka joto na unyevu, na kiangazi yetu haivipi hata kimoja. Nifanyavyo mimi: nachimba shimo la kina kama mita moja kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi, siweki lundo juu kama mu mvua. Tabaka la majani makavu, tabaka la maganda ya jikoni na majani mabichi, mboleo ya kuku kidogo, namwagia mayi ya kuosha vyombo yasiyo na sabuni mingi, nafunika na gunia la zamani. Nageuza kila wiki mbili. Ukitia mkono katikati lazima usikie joto. Kama ni baridi na kavu, ongeza mayi na kitu kibichi, kama inanuka vibaya, mayi ni mengi, ongeza makavu. Ukianza mwanzo wa agosti unaweza kuipata novemba, siyo laini yote lakini mashimo ya mahindi hayachagui.

Mboleo ya kuku mbichi usitie moja kwa moja ku mche, inachoma mizizi. Iache miezi miwili mitatu.

Na majivu ya mbabula (jiko la makala)? Mazuri, udongo wetu una asidi na majivu yanaupoza, tena yana potasi. Lakini kidogo, kikono kimoja kwa shimo, na usiyachanganye na mboleo mbichi siku moja juu nguvu ya mboleo inapanda hewani, utaisikia ku pua. Majivu ya plastiki iliyochomwa hapana kabisa.

Watu wanauza udongo wa kichuguu, ni kweli unasaidia?

Ni kweli. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, virefu kupita nyumba, mchwa wamepandisha udongo wa chini kwa miaka na miaka, una chokaa na chumvi za kulisha mimea kuliko udongo mwekundu wa kando, na unashika mayi. Ndiyo maana kijijini utaona mtu analima juu ya kichuguu anaacha tambarare. Shida ni kwamba unashikana kama simenti juu njo ule wanafyatulia matofali. Pondaponda, changanya kipimo kimoja cha kichuguu na viwili vya udongo wako na kimoja cha komposti. Usijaze platibandi nzima na kichuguu peke yake, mvua ikikatika siku tatu hata sururu haitaingia.

Tunakaa upande wa kiwanda cha zamani. Mboga zetu ziko salama?

Nashukuru ukiuliza, wengi hawaulizi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka ile yote moshi wa lile bomba kubwa ulikuwa unaangukia upande mmoja wa mji. Kilichoanguka hakikuondoka: shaba, kobalti, risasi, kadmiamu, viko mu udongo wa juu mpaka leo, fasi ingine nyasi zenyewe zinakataa kuota. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi miaka mingi juu ya jambo hili. Na siyo kiwanda kile tu, mito midogo inayopita mu mji inabeba mambo pia, kwa hiyo mayi ya kumwagia nayo uyaangalie yanatoka wapi.

Kiangazi njo wakati wa kulishughulikia juu hauna haraka. Ukiona fasi mimea inakuwa ya manjano na midogo hata ukimwagia na kulisha, usipande mboga za majani pale. Mboga za majani, lengalenga (mchicha), sombe (majani ya mihogo), saladi, shu (kabichi), zinabeba hivi vitu kuliko mimea tunayokula tunda lake kama mahindi, tomati, maboga. Leta udongo safi toka mbali, jenga platibandi ya juu na matofali, sentimita 30 na zaidi, ao lima ndani ya magunia. Chokaa na komposti mingi vinafunga madini yasipande sana ku mmea, inapunguza lakini haifuti. Vumbi inayobaki ku jani nayo ni shida, osha mboga mara tatu, na watoto wakicheza mu udongo waoshe mikono mbele ya bukari (ugali). Hii ya mikono naomba uifanye hata kama umesahau mengine yote.

Nitajuaje kama mbegu za mwaka jana ziko nzima?

Hesabu mbegu kumi, zitandike ku kitambaa kilicholowa, kunja, tia mu sahani, funika na plastiki, weka fasi ya joto. Mahindi na maharagi angalia siku ya tano, tomati siku ya nane, pilipili mpe wiki mbili. Zikiota nane ao tisa, panda kawaida. Zikiota tano, panda mara mbili. Chini ya hapo zipe kuku.

Mbegu ya kitunguu inakufa haraka, mwaka mmoja ao miwili basi, wakati ya tomati inaweza kukaa miaka minne ikiwa kavu. Niliwahi kununua pakiti ya kitunguu ku soko, nzuri ku macho, picha inang'aa, na haikuota hata moja. Toka siku ile sinunui bila kusoma tarehe, na hata nikisoma, najaribu kumi.

Mahindi ya ibridi uliyonunua mwaka jana usichukue punje zake kuwa mbegu, yataota ndiyo, lakini mavuno yanashuka na kila mmea unakuwa na tabia yake. Ya kienyeji unaweza: chagua mahindi makubwa, punje za katikati, kausha sana, jaza ndani ya chupa ya plastiki mpaka juu, funga kabisa. Mdudu bila hewa hawezi kula. Maharagi mimi natia na majivu safi.

Halafu, tarehe 1 agosti, siku ya wazazi, asubuhi tunaenda kusafisha makaburi na kisha tunakula pamoja. Njo siku yangu ya kuuliza wazee juu ya mbegu. Kambo yangu, mzazi wa mzazi wangu, alinipa hivi mbegu ya boga moja ndogo lenye ngozi ngumu ambayo sijaiona ku soko lolote, ilikuwa imefungwa mu kitambaa ndani ya sanduku la nguo. Kaa na mzee wako, muulize alipanda nini akiwa mtoto, alitambua vipi mvua. Mbegu hizi zinakufa na wenyewe.

Nianze pepinyeri (kitalu cha miche) lini, na baridi hii miche haitoki?

Tomati ukiwa na mayi: mwaga mbegu mwanzo wa agosti, hamisha katikati ya septemba, utaanza kuchuma mwisho wa novemba mbele mvua nzito haijaleta mildiu, ule ugonjwa unaochoma majani yakawa meusi. Watu wanashangaa tomati ku soko inapanda bei januari, sababu ni hiyo, tomati haipendi mvua yetu. Miche ishirini inakunywa seo mbili kwa siku mu joto la oktoba, kwa hiyo uhesabu mikono yako mbele ya kupanda miche mia moja.

Pilipili na impwa, katikati ya septemba kama nilivyosema. Kitunguu acha, wakati wake wa pepinyeri ni mwisho wa mvua, machi na aprili. Shu na karoti ni watoto wa baridi, walioanza mei sasa wanavuna, wewe umechelewa na oktoba itazipika.

Kuhusu baridi: mbegu ya tomati inataka joto kama digrii 20 na zaidi, usiku wetu wa agosti hauna. Nakata bido ya mafuta ya lita tano kwa ubavu, natoboa chini, natia udongo laini na komposti iliyochujwa, mchana inakaa ku jua kando ya ukuta, jioni naiingiza jikoni. Ukuta wa matofali unaopigwa na jua unarudisha joto mpaka saa mbili usiku, watu wanausahau. Mbegu ikishatoka tu, mwanga mwingi mara moja, la sivyo mche unanyoka mwembamba unaanguka. Mwagia asubuhi, usimwagie jioni, mche uliolala na miguu ya mayi baridi unaoza shingo.

Niweke mbabula ndani ili mimi na miche tupate joto usiku?

Hapana. Hata kwa dakika za kulala. Makala yanayowaka yanatoa gazi isiyo na harufu wala rangi, mu chumba kilichofungwa inaua watu wamelala, na kila mwaka wakati wa baridi tunasikia kilio mu mtaa fulani kwa sababu hii. Ota moto inje ao mlango wazi, kisha utoe mbabula yote inje, siyo kuisogeza ku kona, inje, ndipo ulale. Miche ikifa unamwaga mbegu ingine.

Kisima kinashuka. Na mayi kidogo naweza kula nini ya bustani sasa?

Oktoba visima viko chini kuliko mwezi wowote, kwa hiyo usianze kitu kikubwa septemba ukitegemea kamba ile ile. Mimi naweka platibandi moja tu, mita moja kwa mbili, karibu na fasi ya kuoshea vyombo. Lengalenga inatoka na kuliwa ndani ya wiki tatu nne. Matembele, wengine mnaiita kalembula, unachomeka vipande tu inajilaza. Ndani ya gunia lililosimama, na bomba la mawe katikati la kupitisha mayi, unapata mboga ya sahani mbili kwa wiki na nusu ya seo kwa siku.

Na kausha. Ukavu wa agosti ni zawadi kwa kukausha majani ya maharagi, ya maboga, sombe iliyochemshwa kidogo, weka kivulini penye upepo yasipoteze rangi. Januari na februari, unga ukipanda na shamba bado changa, mboga kavu na unga wa kalanga vinashikilia nyumba.

Miti ya mihogo ya kupanda niiweke wapi mpaka mvua?

Simamisha kivulini, kichwa juu, chini iguse udongo wenye unyevu kidogo, funika na nyasi. Ukilaza ku jua inakauka wiki mbili. Chagua sasa wakati majani bado yako ku mti ili uone: yenye majani yaliyokunjamana na madoa ya manjano ni mozaiki, usichukue hata kama jirani anatoa bure. Siku ya kupanda kata sentimita 20 ao 25, macho matano na zaidi, toka katikati ya mti.

Nataka kupanda avoka na muembe, naanza sasa?

Shimo sasa, mti novemba. Sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke kushoto wa chini kulia, acha jua liingie, oktoba rudisha wa juu ukichanganya na komposti. Mbali na ukuta na mbali na shimo la choo.

Watoto wako vakansi wanasumbua, ninaweza kuwapa kazi mu bustani?

Wape kitu chao kabisa, siyo kuwatuma tu. Kila mtoto chupa yake ya plastiki iliyokatwa, na maharagi kumi, aandike tarehe ku chupa, apime urefu kila siku tatu. Wa kwangu mdogo aliweka moja ku jua na moja chini ya kitanda ili aone, na alilia juu ya ile ya kitanda. Wakubwa wanaweza kuchimba mashimo matano kwa siku, ukiwalipa na kitu kidogo cha kununua kayé za septemba wanachimba kumi.

Inswa (kumbikumbi) zikitoka, njo alama ya kupanda?

Inswa zinatoka baada ya mvua ya kwanza kwanza, taa zote zinajaa mabawa, watoto wanakimbia na seo, tunakaanga na chumvi, furaha kubwa. Miti ya pori nayo inatoa majani mapya mekundu septemba, mbele hata tone moja halijaanguka. Hizi ni alama kwamba njia imeanza. Bado hazisemi kuwa udongo umelowa chini. Kwa hiyo usiku ule kula inswa, asubuhi chukua jembe, chimba sentimita 20, uangalie.